Kanisa, Dola na Sheria ya Mataifa: Funzo la Namibia, 1920–1990

1. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa theolojia ya Kilutheri hukutana mapema na fundisho la tawala mbili za Mungu: ule wa kiroho, ambao Mungu huutekeleza kwa Neno na Sakramenti, na ule wa kidunia, ambao huutekeleza kwa sheria na upanga wa dola. Hufundishwa kwamba Paulo, katika Warumi 13, anaiweka mamlaka ya serikali chini ya agizo la Mungu. Hufundishwa pia kwamba mitume, katika Matendo ya Mitume 5, waliikataa amri ya kunyamaza kwa kuwa utii wao wa kwanza ulikuwa kwa Mungu. Ungamo la Augsburg, katika Ibara ya 16, linayashika yote mawili: Mkristo huwatii watawala na sheria zao, isipokuwa pale wanapoamuru dhambi.

Hata hivyo, liko swali ambalo mafundisho haya hayalijibu moja kwa moja. Itakuwaje iwapo serikali inayodai utii haina haki ya kuwapo mahali ilipo? Je, mamlaka hiyo bado ndiyo ile aliyoitaja Paulo? Na ni nani mwenye haki ya kuamua jambo hilo? Katika karne ya ishirini swali hili liliwakabili Walutheri wa Namibia kwa namna ambayo kanisa halikuwa limeizoea. Mahakama ya juu kabisa ya mataifa ilitamka kwamba serikali iliyowatawala ilikuwa nchini mwao kinyume cha sheria, na katika siku tisa makanisa yalikuwa yamekwisha kuijibu serikali hiyo kwa maandishi.

Katika makala hii tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, kisha kutazama sehemu yake ambayo husimuliwa mara chache: jinsi kanisa lile lile, na sisi majirani zake, tulivyosema au tulivyonyamaza wakati aliyekosa alipokuwa rafiki.

2. Dhamana iliyogeuzwa milki

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Tanganyika na Afrika ya Kusini Magharibi, ambazo karibu wakati mmoja zilikuwa zimeonja ukatili wa jeshi la Kijerumani, moja katika Vita vya Maji Maji na nyingine katika maangamizi ya Waherero na Wanama ya mwaka 1904 hadi 1908, zilijikuta chini ya mpango mmoja. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa ilisema kwamba ustawi wa watu wa nchi hizo ni dhamana takatifu ya ulimwengu uliostaarabika. Mataifa yaliyokabidhiwa nchi hizo hayakupewa milki. Yalipewa amana, na yalipaswa kutoa hesabu yake.

Lakini amana hizo hazikuwa za daraja moja. Tanganyika iliwekwa katika daraja B, chini ya Uingereza. Afrika ya Kusini Magharibi iliwekwa katika daraja C mwaka 1920, nayo Afrika Kusini ikaruhusiwa kuiendesha kwa sheria zake yenyewe kana kwamba ni sehemu ya nchi yake. Katika ruhusa hiyo ndipo tatizo lote lilipozaliwa. Mtunzaji aliyeruhusiwa kuitendea amana kama mali yake hakukawia kuiita mali yake.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Shirikisho la Mataifa lilivunjwa na Umoja wa Mataifa ukaanzisha utaratibu mpya wa nchi za udhamini. Tanganyika iliingia katika utaratibu huo mwaka 1946, na kwa njia hiyo wananchi wake waliweza kupeleka malalamiko yao New York hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Afrika Kusini ilikataa. Ilidai kwamba kwa kuwa aliyeweka amana amekufa, hakuna tena wa kudai hesabu. Mwaka 1950 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitoa maoni kwamba Afrika Kusini hailazimiki kuingia katika utaratibu mpya, lakini amana ya zamani bado inaishi na haiwezi kubadilishwa bila idhini ya Umoja wa Mataifa. Wakati huo Chifu Hosea Kutako wa Waherero alikuwa akituma malalamiko ya watu wake ng'ambo, na padre wa Kianglikana, Michael Scott, aliyasema mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1949, kwa kuwa wenyewe walinyimwa ruhusa ya kusafiri.

Huku mabishano hayo yakiendelea, sera ya utengano wa rangi ilikuwa ikijengwa nchini humo tofali kwa tofali. Mwaka 1964 Tume ya Odendaal ilipendekeza nchi igawanywe katika maeneo ya makabila, huku sehemu kubwa ya ardhi nzuri na migodi ikibaki mikononi mwa Wazungu. Wanaume wa kaskazini waliandikishwa kwa mkataba na kupelekwa katika migodi, mashamba na viwanda vya samaki kwa miezi kumi na miwili au zaidi, pasipo ruhusa ya kwenda na wake zao wala watoto wao.

3. Mahakama yashindwa, kisha yasimama

Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia, ambazo zilikuwa wanachama wa Shirikisho la Mataifa la zamani, ziliishitaki Afrika Kusini. Kesi ilichukua karibu miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 majaji waligawanyika saba kwa saba, na Rais wa Mahakama, Percy Spender wa Australia, akatumia kura yake ya turufu. Mahakama haikuamua kama ubaguzi wa rangi ni halali au si halali. Ilisema tu kwamba Ethiopia na Liberia hazikuwa na haki ya kisheria ya kudai jambo hilo.

Hukumu hiyo iliwavunja moyo Waafrika wengi, na si ajabu. Walikuwa wameambiwa waache silaha na waende mahakamani. Walipofika, mlango ulifungwa kwa kura moja. Tarehe 26 Agosti mwaka ule ule wapiganaji wa SWAPO walipambana kwa mara ya kwanza na majeshi ya Afrika Kusini pale Omugulugwombashe. Chama hicho kilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa, mkoani Dodoma. Mwezi Oktoba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa amana ya Afrika Kusini imekoma. Mwaka 1968 liliipa nchi jina la Namibia. Baraza la Usalama nalo, kwa azimio namba 276 la mwaka 1970, lilitamka kwamba kuendelea kuwapo kwa Afrika Kusini nchini humo si halali, kisha likaiuliza Mahakama matokeo ya jambo hilo kisheria.

Jibu lilitolewa tarehe 21 Juni 1971. Kwa kura 13 dhidi ya 2, Mahakama ilisema kwamba Afrika Kusini inawajibika kuondoa utawala wake Namibia mara moja. Kwa kura 11 dhidi ya 4, ilisema kwamba wanachama wote wa Umoja wa Mataifa wanawajibika kuutambua uharamu huo na kutofanya lolote litakaloonekana kuuhalalisha. Majaji waliongeza kwamba kuwatenga watu na kuwawekea mipaka kwa sababu ya rangi, kabila au asili yao ni kuzikana haki za msingi za binadamu.

Yako maneno katika maoni hayo ambayo wachungaji wanapaswa kuyajua. Mahakama ilisema kwamba kutoutambua utawala haramu kusiwanyime wananchi manufaa yao. Matendo ya serikali hiyo kwa jumla ni batili, lakini kuandikishwa kwa vizazi, vifo na ndoa hakuwezi kupuuzwa bila kuwaumiza wenyeji. Kwa maneno mengine, mtoto hafanywi kuwa hakuzaliwa kwa sababu karani aliyemwandika alikuwa wa dola isiyo halali. Sheria ilitofautisha kati ya mtawala na mtu anayetawaliwa. Twaona hapa hekima ambayo theolojia ya kichungaji haina budi kuiheshimu.

4. Barua ya wazi

Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, aliyakataa maoni hayo. Serikali yake ilidai kwamba wananchi wameridhika, na hata ilikuwa imependekeza mbele ya Mahakama kwamba ipigwe kura ya maoni ili jambo hilo lithibitike. Hapo ndipo kanisa lilipoingia. Madai hayo yalikuwa juu ya watu ambao wengi wao walikuwa washarika wa makanisa mawili ya Kilutheri: lile la kaskazini, lililotokana na kazi ya Misioni ya Kifini iliyoanza mwaka 1870, na lile la katikati na kusini, lililotokana na Misioni ya Rhein. Yeyote aliyesema kwamba watu hao wameridhika alikuwa akitoa ushahidi kwa niaba yao. Kama ushahidi huo ulikuwa wa uongo, kanisa lililoujua ukweli lisingeweza kunyamaza bila kuivunja Amri ya Nane.

Cheche ya kwanza haikutoka katika ofisi za makanisa. Ilitoka katika chuo cha theolojia cha Paulinum pale Otjimbingwe, ambako wanafunzi walikuwa wakiyajadili maoni ya Mahakama na kuwauliza viongozi wao kanisa litasema nini. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho katika miaka hiyo alikuwamo Zephania Kameeta, ambaye baadaye alikuwa askofu na, baada ya uhuru, waziri. Tarehe 30 Juni 1971 Askofu Leonard Auala na Mwenyekiti Paulus Gowaseb walitia sahihi barua ya wazi kwa Waziri Mkuu. Mwezi Julai waraka wa kichungaji wenye ujumbe huo ulisomwa makanisani, ili washarika wasikie kwa lugha zao kile kilichosemwa kwa jina lao.

Barua hiyo ilipimwa kwa kipimo kisicho cha kawaida katika nyaraka za kanisa, yaani Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Kwa kufuata vifungu vyake, viongozi walionyesha kwamba wananchi hawana uhuru wa kwenda watakako, hawana uhuru wa kutoa mawazo yao, hawapigi kura, wanazuiwa kazi kwa sababu ya rangi, na jamaa zao zinavunjwa na mfumo wa mkataba. Mwishoni waliomba serikali ishirikiane na Umoja wa Mataifa ili nchi ifikie uhuru kwa amani.

Wako waliouliza, na hata leo wako wanaouliza, kwa nini kanisa litumie maandishi ya mataifa badala ya Maandiko Matakatifu. Jibu letu ni hili. Injili haikuachwa nyuma, kwa maana waraka wa kichungaji ulisomwa mbele ya madhabahu. Lakini serikali ya Vorster nayo ilijiita ya Kikristo, na ilikuwa na wanatheolojia wake waliojua kuipaka utengano rangi ya Biblia. Kubishana nayo kwa mistari peke yake kungeifanya dhuluma kuwa tofauti ya ufafanuzi. Haki za binadamu zilikuwa kipimo ambacho mtawala hakuweza kukipinda kwa mahubiri. Na kama tunaamini kwamba Mungu hutawala pia kwa mkono wa kushoto, kwa njia ya sheria na akili ya wanadamu, basi Mkristo hatoki nje ya theolojia yake anaposhika sheria ya mataifa. Anatumia chombo cha Mungu katika utawala wa kidunia dhidi ya mtawala wa kidunia aliyeasi wito wake.

Tarehe 18 Agosti Vorster alikutana na viongozi hao Windhoek. Hawakuyafuta maneno yao. Mwezi Desemba wafanyakazi wa mkataba waligoma. Mjumbe mmoja wa serikali alikuwa amesema kwamba mkataba si utumwa kwa kuwa mtu huingia kwa hiari yake. Wafanyakazi walilichukua neno hilo kama lilivyosemwa, wakaanza kurudi makwao. Mgomo uliokuwa umeanzia Windhoek tarehe 13 Desemba 1971 ulihusisha zaidi ya watu 13,000 katika wiki chache. Serikali ilijibu kwa kuigeuza baadhi ya mikataba na kwa kutangaza hali ya hatari kaskazini. Askofu wa Kianglikana, Colin Winter, aliyeiunga mkono barua na wagomaji, alifukuzwa nchini mwaka 1972. Kiwanda cha uchapaji cha kanisa pale Oniipa kililipuliwa mwaka 1973, kikajengwa upya, kikalipuliwa tena mwaka 1980. Kanisa la Walutheri wenye asili ya Kijerumani halikutia sahihi barua ile.

5. Dar es Salaam, Juni 1977

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake Dar es Salaam. Mkutano ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo huo ulitamka kwamba hali ya kusini mwa Afrika ni hali ya kuungama imani, ile iitwayo kwa Kilatini status confessionis. Maana yake ni kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi si maoni ya kisiasa ambayo Mkristo aweza kuyachukua au kuyaacha. Ni jambo linalohusu imani yenyewe na umoja wa kanisa. Mwaka 1984, pale Budapest, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika ambayo hayakuwa yameukataa utengano waziwazi.

Tuna haki ya kuikumbuka Juni hiyo kwa shukrani. Lakini historia haituruhusu kuishia hapo. Mwezi Aprili 1976 ulikuwa umezuka mgogoro ndani ya SWAPO huko Zambia. Wapiganaji na vijana wa chama waliwatuhumu viongozi kwa upotevu wa misaada na kudai mkutano mkuu uitishwe. Mamia yao waliwekwa kizuizini. Andreas Shipanga na wenzake kumi walikamatwa, na wakati mawakili wao walipokuwa wakiziomba mahakama za Zambia ziamuru wafikishwe mbele yao, walihamishwa kuletwa Tanzania. Walikaa katika magereza yetu bila kushitakiwa hadi mwaka 1978.

Kwa hiyo, katika siku zile zile ambazo Walutheri wa ulimwengu waliungama imani yao Dar es Salaam, walikuwamo nchini Wanamibia waliofungwa pasipo hukumu, kwa ombi la chama ambacho sisi sote tulikiunga mkono. Kile walichokidai ni kitu kile kile ambacho barua ya mwaka 1971 ilikidai: kufikishwa mbele ya sheria.

6. Ukuta wa kimya

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Katika miaka ya 1980, huko Lubango kusini mwa Angola, chombo cha usalama cha SWAPO kiliwakamata wanachama wengi kwa tuhuma za upelelezi. Walipigwa hadi wakakiri, kisha wakafungwa katika mashimo yaliyochimbwa ardhini. Vita vilikuwa vikali, na wapelelezi wa Afrika Kusini walikuwapo kweli. Mauaji ya Cassinga ya tarehe 4 Mei 1978 yaliwafundisha wakimbizi kuogopa. Lakini hofu si ushahidi. Wazazi waliandika kwa viongozi wa makanisa wakiuliza watoto wao wako wapi. Wengi wa viongozi hao walinyamaza, au walisema faraghani kwa sauti ya chini. Mwaka 1989 mamia ya waliofungwa walirudi wakiwa na makovu yao. Wengine hawakurudi hadi leo.

Mwaka 1995 Mchungaji Siegfried Groth, Mjerumani aliyewahudumia Wanamibia uhamishoni kwa miaka mingi, alitoa kitabu juu ya mambo haya, akakiita ukuta wa kimya. Mwaka 1996 Rais Sam Nujoma alikishutumu kitabu hicho hadharani. Mwaka huo huo walionusurika waliunda kikundi chao ili ukuta huo ubomolewe.

Sababu ya kimya hicho inaeleweka. Viongozi waliogopa kwamba ukweli ungetumiwa na adui, nao ungetumiwa kweli. Walijua pia kwamba waliokuwa msituni ni wana wa usharika. Hata hivyo, mbele ya Vorster kanisa lilisema kwamba haki ya mtu haitegemei rangi yake. Mbele ya SWAPO lilipaswa kusema kwamba haki hiyo haitegemei upande wake.

7. Hitimisho

Uhuru ulikuja kwa njia ile ambayo barua ilikuwa imeiomba, ijapokuwa kwa kuchelewa. Azimio namba 435 la mwaka 1978 liliweka mpango wa uchaguzi chini ya Umoja wa Mataifa, na utekelezaji wake ulianza tarehe 1 Aprili 1989. Msimamizi wake alikuwa Martti Ahtisaari wa Ufini, aliyepata kuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam. Mwezi Novemba SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72, na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Katiba yake ilifuta adhabu ya kifo, ikakataza mateso, ikazuia sura ya haki za msingi isifutwe, na katika Ibara ya 144 ikafanya sheria ya mataifa kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Nchi iliyookolewa kwa msaada wa sheria hiyo iliipa makao nyumbani mwake.

Tungependa wasomaji wetu wayachukue mambo matatu. Kwanza, sheria isiyo na upanga si bure. Mahakama ya The Hague haikuwa na askari hata mmoja, na Makaburu walikaa Namibia miaka kumi na minane na zaidi baada ya kuambiwa waondoke. Lakini tangu siku ile kila aliyenunua almasi au urani ya nchi hiyo kwa leseni ya Pretoria alijua anafanya nini, na kila mshiriki wa Oniipa alijua kwamba utii wake haudaiwi na Warumi 13 kwa namna aliyokuwa akiambiwa. Wajibu wa mataifa wa kutoutambua uharamu ulirudiwa na Mahakama katika maoni yake juu ya ukuta uliojengwa katika maeneo ya Wapalestina, mwaka 2004, na tena mwaka 2024 juu ya ukaliaji wa maeneo hayo.

Pili, ushuhuda wa kanisa huhitaji elimu. Wanafunzi wa Paulinum waliweza kuuliza swali kwa sababu walikuwa wamesoma yaliyoamuliwa. Mchungaji asiyeijua Katiba ya nchi yake wala mikataba ambayo serikali yake imeitia sahihi atabaki akilaumu kwa jumla, na lawama ya jumla haimsumbui mtawala yeyote.

Tatu, kipimo hakibadiliki mikononi. Ni rahisi kumhubiria Farao; ni vigumu kumhubiria Musa anapomwua Mmisri na kumfukia mchangani. Kanisa lililoshika sheria dhidi ya adui na kuiweka chini mbele ya rafiki limeifanya sheria kuwa silaha, na silaha hubadili mikono. Serikali za nchi zetu leo zinaendeshwa na watu wetu, wengi wao washarika wetu, wengine tuliwabatiza na kuwapa kipaimara. Wakiweka mtu kizuizini bila kumshitaki, mzazi atakayekuja ofisini kwa mchungaji kuuliza mwanawe yuko wapi anastahili jibu lile lile ambalo Auala na Gowaseb walimpa Vorster, kwa maandishi, na kwa majina yao chini.